Mwaka wa Pikipiki Isiyo na Kiti

Mazishini nilifika nimechelewa, kwa sababu gari nililopanda kutoka Mombo lilipata moto wa breki kwenye kona za Soni, nami kwa tabia yangu nikashuka kuchungulia chini pamoja na dereva badala ya kutafuta gari jingine. Nilipofika Shume jeneza lilikuwa bado uani, chini ya turubai, na mjukuu wa marehemu alikuwa anasoma wasifu. Wasifu wa mazishini una njia yake: kuzaliwa, kubatizwa, kipaimara, kazi, ndoa, watoto, ugonjwa, mauti. Kijana alisoma kwamba babu yake, Fundi Danieli, alikuwa seremala hodari, na kwamba tangu kipaimara hadi mwisho wa maisha yake hakuacha kushiriki meza ya Bwana. Watu wakaitikia kwa vichwa. Neema, binti wa marehemu, ambaye sasa ana mvi nyingi kuliko mimi, akainua macho akanitafuta kwenye umati. Ndani ya sentensi ile mlikuwa na pengo la miaka sita, na pale uani tulioujua ukweli huo tulikuwa labda watu wanne. Baada ya kuzika, tukiwa tunanawa mikono kwa ajili ya chakula, aliniambia, "Kaka Rajabu, watoto hatukuwahi kuwaambia. Wewe unayependa kuandikaandika, waandikie." Nikamwambia nitafanya hivyo kabla sijaondoka tena, maana mimi na kuondoka tunafahamiana.

Mwaka wenyewe nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na sikuwa nimekaa mahali pamoja kwa zaidi ya misimu miwili ya mavuno. Habari za kwetu naziruka. Inatosha kusema kwamba ni Mlalo, na kwamba shule niliiacha darasa la sita: nilitaka kujua maji ya bomba la shule yanatoka wapi, nikaufuata mpira wa maji kupanda mlima, nikarudi siku ya tatu, nikakuta mwalimu hanihitaji sana, wala mimi simhitaji. Nilikuwa nimeshachuma chai Mponde na kuosha chupa za jamu Irente. Shume nilikwenda kufuata kazi ya kupakia magogo kwenye shamba la miti. Chumba nilipangishwa na mjane aliyeitwa Mama Elia, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ndogo ambayo hakuna mtu aliyethubutu kuikatiza. Mumewe alikuwa dereva wa lori la mbao, amefariki miaka mitatu nyuma. Mtoto wao Elia alikuwa Dar es Salaam na alipiga simu mara moja kwa mwezi, na ili kuipokea ilibidi mama yake apande juu ya jiwe moja nyuma ya shule, ambako mtandao ulikuwa unapita.

Chumba changu zamani kilikuwa stoo. Kuta zilikuwa mbao tupu za paini, nyufa zimezibwa kwa magazeti, na upande mmoja kulikuwa na vichanja vya viazi vya mbegu vilivyoanza kuchipua. Harufu ya chumba ilikuwa viazi, utomvu na petroli ya zamani. Jikoni palikuwa upande wa pili wa ukuta, kwa hiyo kila kilichosemwa pale nilikisikia, nikitaka nisitake. Na baridi ya Shume ikishuka na ukungu saa kumi jioni, watu wote wanaishia jikoni. Mama Elia alipika viazi mbatata vya kuchemsha na maharage siku sita kwa wiki, na Jumapili alipika wali. Mimi Mwislamu nikila kwa Mama wa Kilutheri, lakini kwetu milimani hilo halina habari. Alichinjiwa kuku na jirani yetu Mwislamu ili nami nile, na mwezi wa Ramadhani aliniwekea uji wa kufuturu bila kuambiwa.

Petroli ile ilitoka kwenye kitu kilichofunikwa magunia, kimeegemezwa ukutani karibu na kitanda. Usiku wa kwanza sikukigusa. Asubuhi nilifunua gunia moja nikadhani nimeona mifupa ya pikipiki.

"Mama, hii pikipiki ya nani?" nilimuuliza wakati wa chai.

"Ya marehemu."

"Inatembea?"

"Haijawahi kutembea hata siku moja. Kiti chake kiliibwa." Aliendelea kumenya viazi. "Aliyekiiba yupo, anapita hapo barabarani. Mungu anamjua."

Nilikuwa sijui kitu juu ya pikipiki. Nilikuwa nimepanda nyuma mara mbili tatu, basi. Lakini kitu nisichokijua kikiwa karibu na kitanda changu silali vizuri. Kila nilipotoka kazini nilifunua magunia nikaitazama, nikijaribu kuitambua kama mtu anavyojaribu kumtambua ndugu wa ukoo fulani kwa pua na masikio. Jina kwenye tangi lilikuwa limefutika. Tangi lenyewe lilikuwa dogo kama kibuyu. Taa haikuwa nayo, wala mita ya mwendo. Mahali pa kukanyagia palikuwa nyuma kuliko nilivyozoea kuona, gurudumu la nyuma lilikuwa na tairi pana laini na duara la meno ya cheni, kubwa kuliko sahani ya kulia, na kati ya tangi na madigadi ya nyuma palikuwa na bonde, pembamba, limepinda kwa chini. Hapo ndipo watu wote walisema kiti kilikuwepo. Nami nilisema hivyo hivyo, maana pikipiki isiyo na kiti ni kama nyumba isiyo na mlango.

Mama Elia aliniruhusu kuishughulikia. "Bora wewe kuliko panya," alisema. Na panya kweli walikuwepo: kwenye kikasha cha kuchujia hewa walizaa, na sponji iliyokuwamo ilivunjika mkononi kama keki ya juzi. Nilikata nyingine kutoka kwenye godoro langu, nikailoweka mafuta, nikaikamua, nikaiweka. Kabureta niliifungua juu ya sinia ili nisipoteze vitu vidogo, nikakuta petroli imegeuka gundi ya kahawia. Nikaisugua kwa mswaki na petroli mpya, na vitundu vyake nikavizibua kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli. Plagi niliipiga brashi ya waya. Cheni ililala kwenye mafuta ya taa siku mbili. Klachi ilikuwa imeganda, na siku nzima ya mapumziko niliisukuma pikipiki mteremkoni, nikiwa nimeweka gia na kubana mkono wa klachi, mpaka sahani zake zikaachana kwa mlio kama wa gome linalobanduka. Kila nilichofungua nilikichora kwanza kwenye daftari, kwa sababu sikuamini kichwa changu. Daftari hilo ndilo lililonifundisha kazi ya ufundi ninayofanya mpaka leo, ingawa sikujua.

Iliwaka siku ya kumi na saba. Nilikuwa nimeijaza petroli safi kutoka dukani, nikapiga teke mara nyingi mpaka goti likavimba, mara ikapasuka sauti kali ambayo iliwatoa kuku wote uani. Nilikuwa bado nacheka peke yangu nilipomwona Kaka Omari anakuja mbio kutoka barabarani. Omari alikuwa mkata miti, mtu wa msumeno wa moto, na sikumbuki kumwona akikimbia kabla ya siku ile wala baadaye.

"Zima," alisema. "Zima hiyo, Rajabu."

Nikazima. Akainama, akaigusa injini kwa kiganja, akafungua tangi akanusa, kisha akachovya kidole na kukisugua kwa kidole gumba.

"Umeweka petroli peke yake?"

"Sasa niweke nini? Chumvi?"

"Nimeisikia toka kule kwenye mkaratusi inalia kavu. Hii haina tangi la oili. Unaona? Hamna. Inakunywa kama msumeno wangu, mchanganyiko. Dakika tano zingine ungekuwa na jiwe." Alikwenda kwenye mfuko wake, akaleta chupa yake ya soda yenye petroli iliyochanganywa na oili, ya rangi ya chai hafifu, akaimimina bila kuniuliza. "Mafundi wa pikipiki mjini wangekuulia hii. Wewe njoo kwa watu wa misumeno."

Ndivyo nilivyopata mwalimu. Omari hakuwahi kuendesha pikipiki, lakini alijua injini ya namna ile inavyopumua. Alinifundisha kusoma plagi: ikiwa nyeusi na mafuta, oili imezidi, ikiwa nyeupe, inaungua kwa njaa, rangi ya kahawa ya maziwa ndiyo afya. Alinifundisha kutikisa chupa kabla ya kumimina, na kutoacha mchanganyiko ulale tangini. Sikuwahi kulipia somo hata moja, isipokuwa kwa kuvumilia dharau yake, ambayo aliitoa kwa wingi.

Kuiendesha ilikuwa jambo jingine. Gia ya kwanza ilitembea polepole kuliko mtu. Gia ya tatu ilipiga kelele kama nyuki wa ghadhabu, na bado mama mwenye kuni kichwani aliweza kunipita akiamua. Niliweka gunia lililokunjwa kwenye lile bonde nikakaa. Magoti yalinijia kidevuni, usukani ukawa mapajani, na kwenye shimo la kwanza nikaangushwa. Nikaamua kusimama. Hapo, sijui niseme nini, kila kitu kilifika mahali pake. Mikono ilikutana na usukani, miguu ilikaa sawa juu ya vyuma, na pikipiki ikatulia chini yangu. Nikapanda nayo kingo za matuta ya viazi, nikapanda mawe ya mtoni. Kijiji kizima kilinitazama kwa huruma.

"Rajabu," walinipigia kelele kutoka kwenye kibanda cha chai, "hiyo rakaa ya ngapi?"

"Ya pili," niliwajibu. "Nyie hata ya kwanza hamjaanza."

Siku hizi natazama kwenye simu pikipiki za aina ile. Kumbe wenzetu wanazifanyia mashindano ya kupanda mawe na magogo, polepole, na anayegusa chini kwa mguu anakatwa alama. Wote wamesimama. Hakuna anayekaa, wala hakuna pa kukaa. Ingekuwa mwaka ule tuna simu hizi, mambo yangekwisha kwa dakika moja na ningebaki bila hadithi. Lakini hatukuwa nazo. Tulikuwa na macho yetu, na macho yetu yalikuwa yamekwisha kuambiwa cha kuona.

Kama shukrani kwa Mama Elia, nilikusudia kuitengenezea pikipiki ile kiti cha mbao na sponji. Nikaisukuma mpaka karakana ya seremala aliyekuwa karibu kuliko wote, mtu mrefu mkimya ambaye nilikuwa namwona tu akipita barabarani bila kusimama. Alikuwa anapiga randa. Nikamwambia shikamoo; akainua kichwa aitikie, akaiona pikipiki, itikio likamkwama.

"Hiyo isiingie humu," alisema.

"Nataka kiti tu, fundi. Cha pikipiki ya Mama Elia."

Akaiweka randa chini taratibu, kama mtu anayeogopa kwamba ataivunja. "Mama Elia amekutuma?"

"Hapana. Hajui."

Alinitazama mpaka akaridhika kwamba sikuwa na hila, kisha akacheka kicheko kisicho na furaha. "Kijana, watu wote wa Shume, umekuja kutaka kiti kwangu."

Ndipo nilipojua kwamba yule mwizi anayepita barabarani ni yeye, Fundi Danieli. Alinikalisha juu ya gogo, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa, akaeleza bila kupandisha sauti. Mzungu mmoja mtaalamu wa misitu, alipokuwa anarudi kwao, alimpa Baba Elia pikipiki kwa sababu alimsafirishia mizigo vizuri. Ililetwa na lori ndani ya sanduku la mbao, magurudumu yamefunguliwa. Siku hiyo Baba Elia alikuwa amelazwa hospitali, kwa hiyo sanduku likashushwa kwa rafiki yake seremala, ambaye aliombwa kulifungua na kuiunga. Danieli aliiunga. Baba Elia alipotoka hospitali akaja kuichukua, swali lake la kwanza likawa kiti kiko wapi. "Nikamwambia imekuja hivi hivi. Na nyuma yangu, pale ulipokaa, kulikuwa na kiti kipya cha kukalia sebuleni, cha sponji na ngozi nyeusi, nilichokitengeneza kwa vipande vya siti ya basi. Akakitazama kile kiti. Akanitazama mimi. Tulikuwa marafiki toka kipaimara."

"Hicho kiti kiko wapi?"

"Nilikipasua kuni kwa hasira. Wakasema naharibu ushahidi."

Shauri lilifika kwa wazee wa kanisa. Akaambiwa atubu; akasema hana la kutubu. Akatengwa. Kwa asiyejua, mtu akitengwa hafukuzwi. Anaingia ibadani, anaimba, anatoa sadaka, lakini meza ya Bwana ikiandaliwa yeye anabaki kwenye benchi wakati wengine wote wanakwenda mbele, na kila mtu anayeinuka anapita magotini pake. Danieli alikaa hivyo miaka sita. Baba Elia alikufa katika mwaka wa tatu, hawajasemeshana, na jeneza lake lilitengenezwa na fundi mwingine.

Mimi nilirudi na pikipiki yangu bila kiti. Wiki ile ile, Jumatano jioni, nilikuwa nimelala naisikiliza mvua, nikasikia Mzee Yakobo ameingia jikoni. Alikuwa kiongozi wa wazee wa kanisa, mtu mzito wa pumzi na mwema wa moyo.

"Mama Elia, nimekuletea habari. Danieli amekubali. Jumapili anarudi kundini. Atasimama mbele, ataungama."

Nilimsikia akiweka kikombe. "Ataungama nini?"

"Kiti. Amesema atakiungama."

"Miaka yote alikataa."

"Neema anaolewa mwezi ujao. Nadhani anataka apige magoti mezani pamoja na mwanawe siku hiyo. Tusimchunguze sana, mama. Amerudi, amerudi."

"Bwana asifiwe," alisema Mama Elia, lakini sauti yake haikuwa na shangwe, na baada ya Mzee Yakobo kuondoka nilimsikia akisukuma kuni zilizokuwa tayari zimekaa vizuri.

Sikulala. Asubuhi na mapema, kabla ya lori la magogo, nilifunua magunia nikapiga magoti mbele ya lile bonde. Swali nililopaswa kujiuliza tangu siku ya kwanza, mimi niliyekuwa nimechora kila skrubu kwenye daftari, ndilo nililojiuliza siku hiyo: kiti kilishikiliwa na nini? Kiti hakielei. Tangi lilikuwa na masikio yake ya kufungia, madigadi yalikuwa na boliti zake nne, kikasha cha hewa kilikuwa na zake mbili. Kila tundu kwenye fremu lilikuwa na mwenyewe. Palipobaki hapakuwa na sikio, wala bano, wala mkwaruzo wa kitu kilichowahi kusuguana na rangi.

Nilikwenda kwa Danieli mbio. Alinisikiliza akipaka gundi kwenye mguu wa meza.

"Unadhani sikuyaona hayo? Mimi ni fundi," alisema. "Niliyasema kwenye kikao. Baba Elia akajibu, seremala anajua kuziba tundu lisionekane. Wakacheka. Kweli, najua."

"Basi kwa nini Jumapili unakwenda kukubali?"

Alipangusa gundi kwa kidole. "Kwa sababu Neema hajaniomba. Angeniomba ningekataa. Ameona nitakaa kwenye benchi siku ya ndoa yake, na hajasema neno. Nimechoka kuwa mkweli peke yangu, kijana."

Siku mbili nilibeba maneno mdomoni. Kumwambia Mama Elia kulikuwa kama kumkanyagia mumewe kaburi, na mimi nilikuwa mpangaji wa miezi minne. Ijumaa jioni, tulipokuwa tunakula, nilisema yote kwa mkupuo: masikio, boliti, bonde, kusimama. Aliacha kula.

"Mume wangu alikufa akisema kiti kiliibwa," alisema. "Maneno yake ya mwisho mwisho. Unataka niseme amekwenda kaburini na uongo?"

"Na kosa, mama. Uongo ni kitu kingine. Hata mimi nilikosea. Nilikwenda kuitengenezea kiti."

"Kwa nani?"

Nikatazama upande wa karakana. Akaelewa. Akachukua sahani yangu, ambayo ilikuwa bado na viazi, akaenda kuiosha. Nilianza kufikiri nitalala wapi.

Jumamosi saa nane mchana, nilipotoka kazini, nilimkuta uani. Ameitoa pikipiki mwenyewe, ameiegemeza kwenye kisiki, amefunga khanga kiunoni, na mkononi ana kipande cha msasa alichonunua dukani.

"Alisema tundu lilizibwa," aliniambia bila kugeuka. "Lililozibwa chini ya rangi lipo. Nionyeshe kiti kingekaa wapi."

Nikamwonyesha. Nikataka kumsaidia, akasema hapana. Akaanza kuisugua rangi, kipande kwa kipande, kutoka nyuma ya tangi mpaka kwenye madigadi, upande wa kushoto, kisha wa kulia, kisha chini, ambako ilimbidi alale ubavu kwenye majani. Chuma kilitokea cheupe. Kila alipofungua sehemu mpya alipitisha kidole gumba, taratibu, kama anavyokagua kiazi cha mbegu, akitafuta kiraka. Ukungu ukashuka akiwa bado hapo. Jikoni maharage yaliungua, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake, na tuliisikia harufu wote wawili na hakuna aliyeinuka. Alipomaliza alikaa kwenye majani, vidole vimechubuka, akaitazama fremu yote ilivyong'aa.

"Baba Elia," alisema kwa sauti ndogo, kwa Kishambaa, kana kwamba mumewe amesimama mlangoni. Sikusikia kilichofuata, niliingia ndani nikamwacha.

Jumapili aliondoka mapema bila kusema neno. Nikamfuata baadaye nikasimama nje ya dirisha la kanisa pamoja na akina mama wenye watoto wachanga. Benchi la wanaorudi kundini huwekwa mbele, mbali kidogo na mengine. Danieli alikuwa amekaa hapo peke yake, amevaa koti alilolivaa kwenye kipaimara cha watoto wake, mikono juu ya magoti. Mchungaji, aliyekuwa na mitaa mingi na alifika kwetu mara moja kwa mwezi, alikuwa anafungua karatasi yake ndogo. Hapo Mama Elia akainuka kutoka upande wa akina mama, akatembea mpaka mbele, akakaa kwenye lile benchi. Danieli akamtazama, kisha akasogea kumpisha.

"Mama Elia," mchungaji alisema, "wewe hukuandikwa."

"Sikuandikwa, mchungaji. Nimejileta." Akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo kama siku zote, na kanisa zima likaacha kupumua ili lisikie. "Kile kiti hakikuwepo. Nimekitafuta jana kwa mkono wangu huu mpaka jua likazama. Hakuna tundu wala kiraka. Mume wangu alikosea, na mimi nikalichukua kosa lake nikalitunza kama urithi. Huyu hakuiba. Nimemtazama akipitwa kwenye benchi miaka sita, nami ni mmoja wa waliompita."

Akakaa. Mtoto mmoja alilia akanyamazishwa. Mchungaji alimgeukia Danieli kwa upole mkubwa. "Basi, Baba Neema, huna la kuungama. Rudi ukakae na jamaa yako."

Danieli hakurudi. Alisimama, mrefu, akakohoa.

"Ninalo, mchungaji. Nimekuja hapa leo kuungama wizi ambao sikuufanya. Maneno nimeyashika kwa moyo tangu Jumatano. Ningesimama mbele za Mungu nikamdanganya, na ninyi mngenipokea kwa huo uongo. Hilo naliungama."

Mchungaji aliitazama karatasi yake. Nadhani hakuna alichofundishwa kilichomwandaa kwa asubuhi ile. Wakati bado anaitazama, Mzee Yakobo akainuka kutoka kwenye viti vya wazee wa kanisa, akavuta miguu yake mpaka mbele, akakaa kwenye benchi la wanaorudi kundini bila kusema kitu. Benchi lilikuwa fupi. Ikabidi wabanane.

Siku ile waliandaa meza, nami niliona kwa dirisha watu wakipanga mstari, na Danieli katikati yao kama mtu yeyote. Neema alikuwa nyuma yake, ameshika mkia wa koti la baba yake kwa vidole viwili, kama mtoto mdogo sokoni.

Niliondoka Shume miezi mitatu baada ya hapo, kabla ya mavuno ya pili. Lakini kitu ninachokikumbuka kuliko ibada ile ni njia ya kurudi. Mama Elia na Danieli walitangulia, mimi na Omari nyuma yao, na barabara ilikuwa na matope, kwa hiyo kila mtu alitembea polepole.

"Baba Neema," nilimsikia Mama Elia akisema, "miaka yote ile hukunilaani?"

"Nilikulaani, mama. Mwaka wa kwanza nilikulaani asubuhi na jioni."

"Na baadaye?"

Danieli alifikiri. "Baadaye kazi zikawa nyingi."

Wakavuka dimbwi, yeye akitangulia na kumpa mkono.

"Mimi ningekulaani na mchana," alisema Mama Elia.